Wimbo Tuliorekodi Kwenye Stoo ya Viazi

Miaka ya sabini, nilipoanza kazi, nilikuwa nikiishi Embu mjini katika chumba kimoja nyuma ya soko. Nilikuwa napiga taipu katika ofisi ya serikali, barua za watu wengine kutoka asubuhi mpaka jioni, na kazi hiyo ilinifaa kwa sababu ilinipa nafasi ya kusoma mambo yasiyonihusu. Nimekuwa mtu wa kutaka kujua tangu utotoni. Mama yangu alizoea kusema kwamba nikipewa chai nitauliza ng'ombe aliyetoa maziwa ana rangi gani.

Jumamosi ofisi ilifungwa mchana. Nilikuwa nikifua uani, na upande wa pili wa ukuta kulikuwa na ukumbi ambapo bendi moja ya mjini ilifanya mazoezi. Mara nyingi walipiga nyimbo za kucheza, zile za hotelini, nami sikuzijali sana. Lakini Jumamosi moja nilisikia gitaa likifanya kitu ambacho sikujua gitaa linaweza kufanya. Sauti ilianza mahali, ikapanda polepole bila kuruka, kama mtu anayetaka kulia na anajizuia, halafu ikarudi chini. Niliacha nguo ndani ya karai nikaenda kusimama dirishani, mikono imejaa povu.

Waliponiona walinyamaza. Mpiga gitaa nilimjua kwa sura. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alikuwa akija ofisini kwetu kufuatilia karatasi zake. Akasogea dirishani.

"Dada, tunakusumbua?"

"Hapana. Nataka kujua hilo gitaa unalifanyaje mpaka linalia hivyo."

Alinitazama kuona kama ninamchezea. Alipoona kwamba nauliza kweli, aliniita ndani, akanionyesha kidole chake cha pete. Hakuwa akiubonyeza waya tu, alikuwa akiusukuma kando, unakazika, na sauti inapanda nao. Akaniambia muziki huo unaitwa bluzi. Aliupata kwenye santuri aliyoachiwa na mwalimu mgeni aliyerudi kwao, na alikuwa ameirudia mpaka sindano ya gramafoni ikaanza kukwaruza.

"Hata kinanda changu hufanya hivyo," nikasema.

"Kinanda gani?"

"Cha mdomo."

Wakacheka, si kwa ubaya. Nikarudi chumbani, nikakausha mikono, nikakileta.

Kinanda hicho kilikuwa cha baba yangu. Baba alikuwa mkulima wa viazi kule Kibirichia, upande wa Meru, lakini kabla ya kupata shamba aliendesha trekta kwenye mashamba ya ngano upande wa Timau, na huko ndiko alikokinunua. Nilipokuwa mdogo alikuwa akikipiga jioni nje ya nyumba, amefunga koti mpaka shingoni kwa sababu ya upepo. Kisha akafanywa mzee wa kanisa, akaacha. Siku moja alinipa kikiwa kimefungwa ndani ya kitambaa, bila maelezo yoyote. Nyumbani sote tulielewa kwamba ni mambo ya kanisa, na hakuna aliyemuuliza. Hata mimi, pamoja na maswali yangu yote, hilo sikuliuliza. Nilijifunza mwenyewe. Niligundua kwamba ukivuta pumzi badala ya kupuliza, na ukikunja ulimi kidogo, sauti inapinda.

Niliwapigia pale ukumbini nikiwa nimesimama, kanga kiunoni. Nilipomaliza, mwalimu aliniuliza nilifundishwa na nani.

"Hakuna. Nilikuwa nachezea tu."

"Unaweza kurudi Jumamosi ijayo?"

Nikarudi, na Jumamosi nyingine pia. Wakati huo bendi ilikuwa katikati ya kazi kubwa. Kampuni moja ya santuri Nairobi ilikuwa imekubali kuwatolea albamu, na nyimbo karibu zote zilikuwa tayari zimerekodiwa studio huko huko. Ulibaki mmoja tu wa kujaza upande wa pili. Muda wao wa studio ulikuwa umekwisha, na bwana wa kampuni akawaambia warekodi huo wa mwisho popote watakapoweza, mradi tepu imfikie kabla ya kufunga kazi. Mwalimu alitaka uwe wimbo wa bluzi wenye ngoma nzito na gitaa la kuunguruma, roki hasa, na katikati yake kinanda changu.

Mwimbaji wao alifanya kazi maabara ya hospitali. Alikuwa kijana mpole, mwenye sauti nene isiyolingana na mwili wake. Ndiye aliyenieleza namna maneno ya bluzi yanavyokaa. "Unasema jambo lako," alisema. "Unalirudia, pengine mtu hakusikia. Halafu mara ya tatu unasema linalouma." Nilifurahia maelezo hayo. Nilikuwa nimepiga taipu barua nyingi za malalamiko, na karibu zote zilikwenda hivyo.

Lakini maneno aliyokuwa ameyaandika yalinishangaza. Yalihusu mtu aliyesimama stesheni akingoja treni impeleke kwa mpenzi wake.

"Hiyo treni inapita wapi?" nikamuuliza.

"Treni ya wimbo."

"Hapa Embu hakuna treni. Meru hakuna. Wewe umewahi kungoja treni?"

Akafikiri. "Sijawahi."

Mpiga ngoma, ambaye kwa kawaida hakuongea, akasema, "Na hata mpenzi hana." Tukacheka, na mwimbaji mwenyewe akacheka kuliko sisi. Kisha akanigeukia. "Sawa. Huko kwenu watu wanangoja nini?"

Nikamjibu bila kufikiri, "Lori."

Nikawaeleza. Mwaka mmoja nikiwa darasa la kati, mvua ilizidi, barabara ya kwetu ikageuka tope. Watu walikuwa wamechimba viazi na kuvipanga kwa magunia kando ya barabara, kwa kuwa mnunuzi alikuwa ametuma habari kwamba lori linakuja. Tulingoja siku ile, na kesho yake, na kesho kutwa. Mvua ilipokatika jua likatoka kali, na viazi vilivyokuwa juu juu vikaanza kugeuka kijani. Kiazi cha kijani ni kichungu, hakuna anayekitaka. Mama alikata majani akafunika magunia. Baba alisimama barabarani, hasemi neno, amegeuza kichwa upande ambao lori lingetokea.

Nilipomaliza, mwimbaji alichana karatasi yake. Jumamosi iliyofuata alikuja na maneno mapya:

*Nimekaa kando ya barabara, lori halijaja.*
*Nasema nimekaa kando ya barabara, lori halijaja.*
*Viazi vinageuka kijani, na mama anafunika na majani.*

Nilihisi ajabu kumsikia mama yangu ndani ya wimbo, katika mdomo wa mtu ambaye hajawahi kumwona.

Tatizo la kwanza lilikuwa kinanda. Gitaa unaweza kulikaza na kulilegeza, lakini kinanda cha mdomo kinatoka dukani na sauti zake na kinakufa nazo. Wimbo wao ulikuwa kwenye sauti ya A. Mimi, kwa namna ile ya kuvuta pumzi, niliweza tu kupiga kwenye G, iliyo chini yake kidogo. Walijaribu kutafuta kinanda kingine Embu, kisha Meru mjini, wasikipate. Mwishowe mwalimu akaamua kulegeza nyaya zote za gitaa zishuke zikutane nami, na mpiga besi akafanya hivyo hivyo. Nyaya zikawa tepetepe. Kila alipopiga kwa nguvu ziligonga mbao na kutoa mlio wa kukoroma.

"Linakohoa," mwalimu akanung'unika.

Akapiga tena, polepole. Akainamisha kichwa. Akapiga mara nyingine kwa nguvu zaidi, makusudi, na nikaona uso wake ukibadilika, kama mtu aliyeonja kitu alichodhani kimeharibika akakuta kitamu. Tangu hapo hakutaka kulikaza tena kwa wimbo ule. Ukiusikiliza leo, ule uzito unaoanza nao ni nyaya zilizolegezwa kwa ajili ya kinanda kidogo kinachoingia mfukoni.

Tatizo la pili lilikuwa mahali. Fundi wa redio wa pale mjini alikuwa na mashine ya tepu, ile yenye magurudumu mawili yanayozunguka, na alikubali kuturekodia. Lakini ukumbini kila mara kitu kiliingilia: honi za stendi, kengele ya shule, mwenye mbuzi akipigia mbuzi wake kelele. Fundi alikuwa mtu mzima, mtulivu, mwenye kuvaa koti la kaki hata wakati wa jua. Alivua vifaa vya masikioni, akasema, "Hapa tutarekodi soko."

Nikakumbuka stoo ya baba. Aliijenga kwa mawe, na wakati haina viazi, ukikohoa ndani yake kikohozi kinakurudia kutoka kila kona. Na Kibirichia, zaidi ya upepo, hakuna kinachopiga kelele. Niliwaambia. Wakaniuliza baba yangu ni mtu wa namna gani.

"Mzee wa kanisa," nikasema, nao wakatazamana.

Nilienda nyumbani mwisho wa wiki. Baba alikuwa akinoa jembe. Nilimweleza kila kitu: bendi, wimbo, kinanda, stoo. Nilijua angeuliza wanapiga wapi, na nilijiandaa kusema hotelini, kwa kuwa ndio ukweli. Hakuuliza. Aliendelea kunoa kwa muda, kisha akasema kwa Kimeru, kama tulivyozungumza nyumbani siku zote, akiniita binti, "Mwari, hiyo sauti inaingiaje kwenye sahani ya santuri?"

"Sijui, baba."

"Umefanya kazi nao wakati wote huo na hujui?"

"Fundi ndiye anajua."

"Basi waje. Nataka kuona." Akajaribu makali ya jembe kwa kidole gumba. "Pombe isifike hapa. Na tutaanza kwa maombi."

Walikuja na pikapu iliyojaa spika, ngoma, na jenereta ya kuazima, maana umeme haukuwa umefika kwetu. Mama alikuwa amepika mukimo, viazi vya kuponda na mahindi, wa kutosha kijiji. Baba aliwaombea wote, pamoja na jenereta, kisha akavuta kigoda akakaa karibu na fundi, akaanza kuuliza kwa Kiswahili chake cha mashamba ya ngano.

"Hii kitu inashika sauti aje?"

Fundi hakuudhika. Alimwonyesha utepe, akamweleza kwamba rangi ile ya udongo ni unga wa chuma, laini kuliko unga wa ngano, na kwamba sauti ikipita kwenye maikrofoni inakuwa umeme, na umeme unaupanga ule unga. Baba akagusa utepe kwa ncha ya kidole.

"Sasa saa hii, sauti iko hapa?"

"Bado, mzee. Huu ni mtupu."

"Na ikikuwa na sauti, inakuwa nzito?"

Fundi alifikiri swali hilo kwa muda mrefu. "Sijawahi kupima," akasema. Nilipenda jibu hilo. Mimi pia lile swali nilikuwa nalo, nikaogopa kuliuliza.

Ili kujaribu mitambo, fundi alizungusha tepu tukiwa bado tunapanga vitu. Kisha akairudisha nyuma, akaturuhusu kusikiliza. Tulisikia viti vikiburutwa, mpiga ngoma akigonga, na sauti ya mwanamume ikisema kwa Kimeru kwamba huo mlango ufungwe kuku wasiingie.

Baba akageuka kutazama nyuma yake. "Nani huyo?"

"Ni wewe, baba."

"Hapana."

Fundi akarudisha, akapiga tena. Baba alisogeza sikio. Sauti ikasema tena habari za kuku. Hatukuwa na redio ya kurekodia nyumbani, na kwa umri wake wote alikuwa hajawahi kujisikia kama wengine wanavyomsikia. Kisha akaniambia, pole pole, "Hiyo ni sauti ya baba yangu. Hivyo ndivyo alivyokuwa akiongea." Babu alikufa kabla sijazaliwa. Nikamwomba fundi airudishe tena ili na mimi nimsikilize babu.

Baada ya hapo tulirekodi. Stoo ilifanya kama nilivyotarajia na zaidi: kila pigo la ngoma lilizunguka kuta na kurudi limevimba. Tulipiga wimbo mpaka ukakaa, tukala mukimo, na wakaondoka jioni wakiimba ndani ya pikapu.

Siku chache baadaye fundi alinifuata ofisini, jambo ambalo hakuwahi kufanya. Alinipeleka dukani kwake, akafunga mlango, akaweka tepu. Wimbo ulianza mbio, kama unakimbizwa na mbwa. Mwimbaji wetu mwenye sauti nene alikuwa amegeuka mtoto wa shule ya chekechea. Kinanda changu kilikuwa mbu.

"Ni nini hii?"

"Jenereta," akasema. "Ilizidiwa na zile spika, ikazunguka pole pole. Mashine yangu inafuata jenereta, nayo ikazunguka pole pole tukirekodi. Pale tulisikia sawa kwa sababu tulisikiliza kwa mwendo ule ule. Huku umeme ni wa kawaida, tepu inakwenda mwendo wake."

Nilijua napaswa kuhuzunika. Badala yake nilimwomba anieleze tena, na mara ya tatu, akichora magurudumu kwenye karatasi ya kufungia betri. Kwamba muda wenyewe unaweza kuvutwa ukawa mrefu bila mtu kujua, na watu wote walio ndani yake wakaona mambo ni sawa. Nililifikiria hilo usiku na mchana. Hata nikipiga taipu nilikuwa najiuliza kama ofisi yetu haina jenereta mbovu mahali fulani.

Wenzangu waliona uchungu tu. Ilibidi kurudia, na sasa wakati wa kuchimba viazi ulikuwa umefika. Nilipompelekea baba habari, alinionyesha stoo. Magunia yalikuwa yamepangwa kuta zote mpaka karibu na paa, na yaliyobaki yalikuwa yanakuja.

"Nafasi ipo katikati," alisema. "Wakiketi karibu karibu wataenea."

Wakaja tena, safari hii na jenereta mbili, moja ya spika na nyingine ndogo kwa ajili ya mashine ya fundi peke yake. Mwalimu aliingia stoo, akapiga makofi. Hakuna kilichorudi. Viazi vilikuwa vimeimeza sauti yote. Alisimama pale amevunjika moyo.

"Mwangwi wetu umeliwa," alisema.

Fundi alivaa vifaa vyake vya masikioni, akamwomba mpiga ngoma apige kidogo. Akasikiliza. Akamwomba aongeze. Kisha akavivua, akamvalisha mwalimu. Ngoma haikuwa na ule uvimbe wa kwanza. Ilikuwa kavu, fupi na karibu, kama mtu anayegonga mlango wako mwenyewe. Mwalimu alisikiliza akiwa amefumba macho. "Tuketi," akasema.

Ukawa wimbo mwingine kabisa. Tulibanana kati ya magunia, magoti yakigusana, na harufu ya udongo mbichi puani. Mwimbaji hakuweza kupaza sauti kama alivyozoea, maana mpiga besi alikuwa karibu ndani ya mapaja yake, kwa hiyo aliimba kama anamweleza mtu mmoja. Kila kitu kilikwenda vizuri isipokuwa mimi. Sehemu yangu ya katikati haikutoka. Nilipiga sauti zile zile nilizozizoea, kwa usahihi, nazo zilikuwa kama taipu. Tuliacha, tukarudia, tukaacha. Mwalimu akasema kwa upole twende tunywe chai.

Baba alinikuta nje nyuma ya stoo. Alikuwa amesikiliza yote.

"Ule wimbo ni wa mwaka ule wa mvua," alisema.

"Ndiyo."

"Mnasema lori halikuja."

"Halikuja, baba. Nilikuwepo."

"Lilikuja." Akaelekeza kidole chini, upande barabara inakotokea. "Siku ile ya tatu nililisikia. Wewe hukulisikia kwa sababu hujaendesha. Nilisikia likiwa bado chini kabisa, kwenye gia ndogo, limejaa nguvu. Likapanda, likabadilisha gia. Likafika pale penye tope, likaanza kulia. Dereva akalikanyaga, likalia zaidi, likalia, halafu akaliachia. Akarudi nyuma, akageuza. Nikalisikia likishuka, gia moja, gia nyingine, mpaka likaisha."

"Hukutuambia."

"Mama yako alikuwa anafunika viazi. Ningemwambia nini?"

Upepo ulikuwa unalaza shayiri ya jirani. Nilikuwa nimemwona amesimama barabarani siku zile, na kwa miaka yote nilidhani alikuwa na hasira. Kumbe alikuwa anasikiliza. Na kwa kuwa siku ile ilikuwa ya kusema, nikamuuliza lile ambalo sikuwahi kumuuliza.

"Baba, kinanda uliacha kwa sababu ya kanisa?"

Akanitazama kwa mshangao. "Kanisa lilinikataza lini?" Akafungua mdomo, akanionyesha pengo la mbele, upande wa juu. "Ni meno. Yalipong'oka, pumzi ikawa inatoroka. Nani alikuambia ni kanisa?"

Hakuna aliyeniambia. Nilicheka mpaka nikalazimika kushika ukuta, naye akacheka pia, kwa ule mdomo wake wenye pengo.

Niliporudi ndani nilimwomba baba aketi mlangoni nimwone. Ilipofika zamu yangu sikupiga zile sauti zangu. Nilianza chini kabisa, pumzi ndefu ya kuvuta, pole pole, nikaipandisha. Nikakata, nikapanda tena kwenye sauti ya juu kidogo. Baba alikuwa ananitazama, mkono wake wa kushoto ukisogea juu ya goti, na nikatambua kwamba anabadilisha gia. Nikamfuata. Kwenye tope nilikunja ulimi mpaka kinanda kikalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuitoa, na mwalimu, aliyepaswa kuniachia nafasi, akaingia na zile nyaya zake zilizolegea zikikoroma chini yangu kama magurudumu yanayochimba. Kisha mkono wa baba ukalala gotini. Nikaachia. Nikashuka, gia moja, gia nyingine, mpaka pumzi ikaisha.

Fundi alizima mashine. Kisha mpiga ngoma akasema, "Sasa lori limeondoka kweli."

Tepu ilikwenda Nairobi na haikukimbia. Santuri ilipotoka, wimbo wetu uliwekwa mwisho wa upande wa pili, mahali pa wimbo ambao kampuni haina tumaini nao. Haukuvuma. Redioni niliusikia ukipigwa mchana mmoja tu, katika kipindi cha salamu, nikiwa ofisini, na bosi wangu akasema kelele hizo zipunguzwe. Lakini madereva wa malori ya viazi na kabichi waliupenda. Mmoja wao alimwambia mwimbaji kwamba kile kinanda ni injini aliyowahi kuiendesha, na akataja hata aina yake. Kule Kibirichia baadhi ya majirani walimlaumu baba kwamba wimbo utawakasirisha wanunuzi wasilete malori. Baba aliwajibu kwamba wanunuzi hawakuwahi kuhitaji wimbo ili wasije.

Bendi haikudumu. Mwalimu alihamishiwa Maua, mwimbaji akaenda kusoma zaidi, na ukumbi ukageuzwa duka la vyakula vya mifugo. Hatukugombana. Kila mtu alifuata kazi yake.

Niliuliza habari za ile tepu ya kwanza, yenye sauti ya baba na kuku. Fundi alinitazama kwa masikitiko, akaniambia tepu zilikuwa adimu, na kwamba tulipokwenda mara ya pili alirekodi juu ya ile ile. Unga ule wa chuma ulikuwa umepangwa upya. Nilimuuliza kama hakuna hata kidogo kilichobaki chini yake, na kama upo uwezekano wa kukitoa. Alijibu kwamba hakuna, kisha akaanza kunieleza kwa nini, na maelezo yakawa marefu, yakavuka saa ya chakula cha mchana, nikachelewa kazini.

Niliendelea kwenda. Kwanza baada ya kazi, halafu na Jumamosi, kwa kuwa sasa Jumamosi zangu zilikuwa tupu. Ilifika siku fundi akaniuliza kwa nini nisije moja kwa moja, kwa vile ninauliza kama mtu aliyeajiriwa. Niliandika barua yangu ya kuacha kazi mwenyewe, na kuipiga taipu mwenyewe, bila kosa hata moja. Mama alilia. Baba aliuliza kama nitaweza kutengeneza redio ya kanisa.

Siku ya kwanza dukani fundi alinipa bisibisi na redio iliyokufa ya mteja kutoka Runyenjes, akatoka kwenda kula. Niligeuza redio, nikalegeza skrubu za nyuma moja baada ya nyingine, nikafungua kifuniko. Ndani kulikuwa na vumbi, na buibui aliyekwishakauka, na nyaya za rangi nyingi ambazo sikujua hata moja inatoka wapi kwenda wapi. Nilivuta kiti karibu na dirisha, mahali penye mwanga, nikaanza na ile nyekundu.